Hifadhi ya Msimbazi isiwe ya nyasi tu, wakulima wa mboga nao wapewe sehemu yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja kuhusu bonde la Mto Msimbazi, na tafadhali usilikate sana, maana kila nikisoma habari za ule mradi wa kuliendeleza bonde nakuta daraja, kituo cha mwendokasi, fidia na mabilioni, mambo ya kweli kabisa na yana umuhimu wake, ila wanaolima mchicha mle bondeni hawatajwi, au wakitajwa wanatajwa kama wavamizi wa kuondolewa basi. Mimi nakaa Kigogo na nina genge la mboga. Nawajua wale watu. Najua wanaamka saa ngapi, wanauza fungu bei gani, na najua wakiondoka wote hao mboga zitatoka wapi na zitafika mtaani zikiwa na bei gani na zimenyauka kiasi gani.

Ombi langu ni hili, kwenye ile hifadhi ya jiji inayopangwa kujengwa bondeni, litengwe eneo la kulima mboga, udongo wake upimwe, maji yake yawe safi, na wa kwanza kupewa wawe walewale wanaolima hapo sasa hivi.

Kwa msomaji wa mkoani asiyeujua mto wenyewe, Msimbazi unaanzia kule kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka kilometa kama 35 hivi, unapita Gongo la Mboto, Ulongoni, Tabata, Vingunguti, Kigogo, Mchikichini, Jangwani, njiani unapokea Mto Luhanga, Mto Ubungo na Mto Sinza, afu unaingia baharini pale Selander kwenye mikoko. Yani umekata jiji zima katikati. Ukitaka kujua Dar es Salaam imetupa nini wiki hii nenda kasimame darajani Kigogo utaona kila kitu kinapita, chupa, viatu, pampasi, godoro, mbuzi aliyekufa. Na jiji lenyewe sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728, mwaka 2012 tulikuwa 4,364,541, sasa piga hesabu hao watu milioni moja walioongezeka ndani ya miaka 10 wamekwenda kujenga wapi na uchafu wao unaelekea wapi. Unaelekea kwenye mto, mwingine haujui njia nyingine.

Mafuriko ya Desemba 2011 kila mtu wa hapa anayakumbuka, walikufa watu zaidi ya 40 jijini na waliookolewa bondeni wengi wakapelekwa Mabwepande. Ikaja Aprili 2018 tena. Ikaja ile mvua ya El Nino ya 2023 kuingia 2024. Hapo katikati, mwishoni mwa 2015, kulikuwa na bomoabomoa ya Mkwajuni na maeneo ya jirani, watu wakaandikiwa X nyekundu, wakavunjiwa, wakaondoka, na baada ya muda wengine wakarudi maana hawakuwa na pa kwenda. Ndio mpaka ikafika 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, na Uholanzi na Hispania nao wamo, safari hii watu wakalipwa fidia, nyumba zikabomolewa, na Jangwani linajengwa daraja refu ili barabara ya Morogoro isifungwe kila mvua ikinyesha masaa mawili. Mimi mradi naunga mkono. Wasije watu wakasema huyu wa genge anapinga maendeleo. Nimechoka kuona watoto wanavushwa mgongoni pale Jangwani kwenda shule.

Ila hebu tuulizane, kwenye miaka yote hiyo ni nani aliyelitunza bonde? Sehemu ambayo ina matuta ya mchicha na matembele hakuna aliyejenga nyumba pale, maana mkulima hakubali, anakaa shambani asubuhi na jioni na ukija na kirikuu cha takataka usiku kesho yake anaanza kuulizia mtaa mzima nani kamwaga. Sehemu isiyolimwa ndiyo iliyojaa vibanda na dampo. Maji yakija kwenye shamba yanatandaa, yanapungua nguvu, yanazama chini, yanaacha tope. Mkulima anapoteza mboga za mwezi mmoja, inauma sana, ila akipata mbegu mchicha unarudi ndani ya wiki tatu au nne, matembele yanachipua yenyewe kwenye marando yaliyobaki. Nyumba ikienda na maji inakuwa imeenda na maisha ya mtu, godoro, vyeti vya watoto, kila kitu. Kwahiyo kama kuna matumizi ya ardhi yanayovumiliana na mto unaofurika ni kilimo cha mboga za muda mfupi, na bonde lilikuwa limeshaonyesha hivyo kabla mtaalamu yeyote hajaja na ramani.

Na tusisahau kwamba kulima mjini hatukukuzua sisi wa leo. Wazee wetu waliambiwa mwaka 1974 kilimo cha kufa na kupona, na watu wa mjini nao wakashika jembe. Miaka ya 80 mishahara ilipokuwa haifiki hata tarehe 10 ya mwezi, walimu, manesi, makarani wa serikali, wote walikuwa na banda la kuku au ng'ombe uani au kajaruba ka mchicha nyuma ya kota, na jiji lilikula kutoka humo. Mpaka leo ukipita chini ya nyaya kubwa za umeme, au pembezoni mwa reli, unaona matuta yamenyooka vizuri, mchicha, chainizi, figili, bamia, majani ya maboga. Mboga za majani hazitaki safari. Nyanya inaweza kutoka Ilula ikafika Ilala iko salama, kabichi vilevile, lakini mchicha uliochumwa jana mchana ni wa kumpa sungura. Ndio maana zinalimwa karibu na mlaji, ni hesabu ya kawaida tu ya biashara, hakuna mtu aliyewalazimisha.

Sasa niingie kwenye lile jambo gumu ambalo wateja wananiuliza kila siku. "Hizi za bondeni au za Mkuranga?" Wana haki kuuliza. Mto ni mchafu kweli na mboga inayomwagiliwa maji ya mto ule ina hatari. Hili halijaanza jana, mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa utafiti wa mboga zilizolimwa kando ya Mto Sinza na Msimbazi, wakakuta zina madini mazito kama risasi na kadimi, na baada ya hapo watafiti wengine wakaja kupima maji na udongo kwa nyakati tofauti. Risasi haionekani kwa macho, haina harufu, huwezi kuitoa kwa kuosha na chumvi wala kwa kuchemsha sana, imeshaingia ndani ya jani. Na mtoto mdogo ndiye anaumia zaidi, ubongo wake. Mimi watoto wangu wanakula mboga hizohizo ninazouza, kwahiyo naongea kama mzazi hapa.

Lakini tuangalie aliyechafua ni nani. Mkulima wa mchicha hana kiwanda. Hana gereji inayomwaga oili chafu. Hana bomba la maji ya rangi za nguo. Hana gari la majitaka linalofungulia koki usiku mtoni badala ya kwenda kumwaga kwenye mabwawa. Na hao wanaotapisha vyoo mvua ikianza, tabia ambayo mitaani kwetu tunaijua na tunanyamaza nayo, wengi sio wakulima. Yeye mkulima ndiye anayeingiza miguu kwenye maji hayo kila siku bila buti, ndoo mbili begani, akitoka hapo anajikuna mpaka usiku. Halafu ikifika siku ya kuchukua hatua anayekamatwa kirahisi ni yeye, kwa sababu shamba lake liko wazi na bomba la mwingine limefukiwa chini. Hii sio haki hata kidogo, na wala haisaidii mlaji, maana ukimfukuza Kigogo atahamia Tabata au Kinyerezi kwenye maji yaleyale, na mboga itarudi gengeni kwangu ikiwa na jina lingine.

Ndio nasema bonde ligawanywe kwa akili. Kule chini kabisa karibu na maji, ambako udongo umeshakunywa uchafu wa miaka mingi, kusilimwe kitu cha kuliwa. Pawe na matete, miti ya kushika kingo, na vitalu vya maua na miche, kazi ambayo vijana wetu wanaijua vizuri sana, angalia wale wauza miche wa kando ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo, wengi wamesomesha watoto kwa maua. Ua la mapambo haliliwi na mtu. Afu juu kidogo, pale ambapo mafuriko ya kila mwaka hayafiki, yainuliwe matuta kwa udongo mpya uliopimwa, yazungushiwe tofali au mbao, na hapo ndipo pawe pa mchicha na spinachi na mnafu. Maji yawe ya kisima kilichopimwa au ya mvua yaliyovunwa kwenye mapaa ya shule na masoko, sio ya mto, mpaka siku mto wenyewe utakaposafika. Na vipimo viwe vinafanyika kila msimu, matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kwa Kiswahili cha kueleweka, hii tuta ni salama, hii bado. Mimi kesho yake nitaweka kibao gengeni kwangu, mboga zilizopimwa, na nawahakikishia wateja watapanga foleni.

Mbolea ipo. Tena ipo nyingi kuliko tunavyohitaji. Nendeni soko la Ilala, Buguruni, Kariakoo, au pale Mabibo wenyewe wanapoita Mahakama ya Ndizi, muone mlima wa maganda, migomba, majani ya kabichi, nyanya zilizooza. Vyote hivyo vinapakiwa kwenye malori yanachoma mafuta kwenye foleni mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, vikafike kule vitoe moshi na maji meusi, na Pugu ndiko huko huko mto unakoanzia! Yani tunachukua rutuba ya mashamba ya Mbeya na Lushoto na Morogoro, tunaileta mjini kwa gharama, tunaila nusu, nusu iliyobaki tunaigeuza sumu ya mto wetu. Kama kila soko kubwa lingekuwa na sehemu ya kutengeneza mboji, vijana wachache tu wenye mareki na maturubai, wakichanganya na samadi na randa, baada ya miezi miwili mitatu unapata udongo mweusi mzuri wa kujaza matuta hayo ninayoyasema, na lori zimepungua barabarani. Hapa ndipo ningependa hela ya mradi ionekane, hata kidogo tu, maana daraja tunalitazama lakini hili tungelishika mkononi.

Najua kuna watu watasema sheria hairuhusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa, iheshimiwe, na ndio maana nimesema hiyo kanda ya chini iwe ya matete na miti. Lakini bonde la Jangwani ni pana, kuna sehemu unatembea mpaka unachoka, lote sio mita 60. Na nchi hii tangu mwaka 1992 ilikuwa na kanuni za kilimo cha mjini zilizompa mtu ruhusa ya kulima mpaka eka 3, kwahiyo serikali yenyewe ilishakubali zamani kwamba mjini kunalimwa. Kinachokosekana ni karatasi mkononi mwa mkulima. Leo analima kwa hisani ya mjumbe, au ya mwenye kiwanja ambaye hajajenga bado, au ya shirika ambalo halijaamka. Mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwepo hawezi kupanda mti, hawezi kuchimba kisima, hawezi kununua bomba, atalima cha wiki tatu na dawa kali ili aokoe hela yake haraka. Mpe kibali cha miaka mitano chenye masharti, asijenge, asitumie maji ya mto, asipige dawa zilizokatazwa, akikosea anyang'anywe. Wenzetu Kampala waliweka sheria ndogo za kilimo cha mjini kwenye miaka ya 2005 na 2006, Nairobi wakapitisha ya kwao mwaka 2015. Sisi tunasubiri nini?

Na kuna mji mmoja ambao nataka wataalamu wa mradi wautazame vizuri, unaitwa Rosario, uko Argentina, kando ya mto mkubwa wa Paraná. Uchumi wa nchi yao ulipoanguka mwaka 2001 watu wakawa hawana kazi wala chakula, manispaa ikaamua mwaka 2002 kuwapa wananchi ardhi ya umma iliyokaa bure walime, pembezoni mwa reli, kando ya barabara kuu, na maeneo ya mabondeni yanayofurika. Wakawapa mbegu na vifaa na mafunzo ya kulima bila dawa za viwandani, wakawafungulia na masoko mjini. Wakatengeneza hifadhi ambazo humohumo ni mashamba ya mboga, familia inakuja kupumzika jumapili na mkulima anapalilia, hawagombani. Miaka karibu 20 baadaye, 2021, mji huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji kwa kazi hiyo. Hawa hawakuwa matajiri walipoanza, walianza wakiwa na shida kuliko sisi.

Singapore ni matajiri, hilo sawa, lakini nao wana somo kwenye upande wa mto. Pale Bishan walikuwa na mfereji wa zege umenyooka kilometa 2.7, wakauvunja, wakauacha mto upinde-pinde kama Mungu alivyouumba ukafika kilometa 3.2, kingo zikashikwa na mimea na mawe, kazi ikaisha 2012. Mvua ikija maji yanapanda yanatandaa kwenye uwanja wa nyasi, yakiisha watoto wanarudi kucheza. Na viumbe wakarudi, mpaka fisimaji. Nasema hili kwa sababu nina hofu moja kubwa na Msimbazi, nayo ni zege. Tusije tukachimba mto tukaunyoosha tukaujengea kuta mwanzo mwisho tukasema tumemaliza mafuriko. Maji yaliyonyooshwa yanakimbia, na yanapokimbia kutoka Vingunguti yatamfikia mtu wa Jangwani na Upanga kwa hasira, tena kama bahari imejaa, siku za bamvua, hayana pa kutokea yanarudi nyuma. Mto unataka sehemu ya kupumua na kugeuka. Upeni hiyo sehemu.

Pale mwishoni Selander mikoko bado ipo, na kila mtu anayepita kwenye daraja la zamani anaiona lakini sidhani kama tunaijali inavyostahili. Mikoko ndiyo inayochuja tope kabla halijafika baharini, ndiko wanakokulia kamba na samaki wadogo, ndiyo inayovunja mawimbi. Wavuvi wazee wanaitaja mmoja mmoja kwa jina, mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana. Leo mizizi yake imefunikwa mifuko na chupa. Kuiondolea takataka na kupanda mingine hakuhitaji mkandarasi kutoka nje, kunahitaji vijana wa Upanga na Kinondoni na mitumbwi miwili, na mtu wa kuwalipa posho.

Ndege nao. Angalia juu ya jiji letu leo, kunguru, kunguru, kunguru. Hawa kunguru sio wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na wameshamiri kwa sababu ya taka tunazoacha wazi, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine mpaka wale wadogo wanaoimba asubuhi wamekimbia. Lakini ukiingia bondeni kwenye mashamba saa kumi na mbili asubuhi bado utamkuta yangeyange anatembea nyuma ya mkulima akiokota wadudu, na kisima cha kambare kikiwepo basi na mdiria anakuja. Hao ndio wa kwetu. Wamebaki pale kwa sababu pale ndipo pamebaki kijani. Ukitoka hapo ukapanda Kariakoo saa nane mchana kuna zege na vioo na joto linalokupiga usoni, mti wa kukaa chini yake hakuna. Tungekuwa na miembe na mikungu na mikwaju na mwarobaini kuanzia Pugu mpaka baharini kando ya mto, kivuli kimoja kirefu, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Tabata mpaka mjini bila kupigwa jua. Miti ya matunda pia ipandwe, msiogope watoto watachuma, wachume, ndio maana yake. Na jamani tusipande mipalm ya mapambo isiyo na kivuli wala tunda kwa ajili ya kupigia picha siku ya uzinduzi.

Lakini haya yote ya huku chini ni bure kama kule juu tutapaacha. Tope linalojaza mto Jangwani linatoka Pugu na Kisarawe, misitu iliyokatwa kwa mkaa wetu sisi wa mjini, na vijito vinavyochimbwa mchanga wa kujengea nyumba zetu sisi sisi. Mchanga ukichimbwa kwenye kingo mto unapanuka, unakula viwanja vya watu, Ulongoni wanajua. Unaweza kuchimbua tope kwa mashine Jangwani mwaka huu kwa mabilioni, na masika ya mwaka kesho likarudi lilelile. Serikali imeipandisha Pugu na Kazimzumbwi kuwa hifadhi ya msitu wa mazingira asilia, jambo zuri sana, sasa ilindwe kweli, na watu wa vijiji vinavyoizunguka wapewe kitu cha kufanya badala ya mkaa. Kwanini wasiwe wao ndio wanaootesha miche ya miti itakayopandwa bondeni? Hela ingezunguka humuhumu, kutoka Jangwani kwenda Pugu, badala ya kununua miche kwa mkandarasi.

Na sisi wa mitaani tusikae tunasubiri mradi. Kiroba kimoja cha unga kikijazwa udongo na mboji kinabeba miche ya sukuma wiki ya kutosha mboga za familia ndogo, kikikaa kibarazani. Ndoo iliyotoboka, beseni bovu, tairi, vyote vinalima, ila tairi na makopo ya rangi usitumie kwa mboga za majani, rangi nyingine ina hiyohiyo risasi tunayoikimbia mtoni. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kumwagilia. Shule zetu za msingi za Kigogo na Mabibo na Tabata zina viwanja, vingi ni vumbi tupu, mtoto anaweza kula uji wa shuleni na majani aliyopanda mwenyewe. Walimu msikasirike, najua mna kazi nyingi, ila zamani somo la kilimo lilikuwepo na tulikua nalo.

Wahusika wa mradi, TARURA wa barabara za vijijini na mijini, TAMISEMI wa tawala za mikoa na serikali za mitaa, wakurugenzi wa manispaa zetu, nawaomba kwa heshima, kabla michoro ya hifadhi haijakamilika njooni mkutane na wakulima. Sio kwenye ukumbi wa hoteli kwa kadi za mwaliko, wale hawatakuja na hata wakija hawataongea. Njooni bondeni, alfajiri saa kumi na moja, hapo ndipo mboga zinachumwa na wanunuzi kama sisi tunakuwepo, kila mtu mtamkuta. Muwe na daftari muandike nani analima wapi, ana matuta mangapi, amelima tangu lini, anatumia maji gani. Wengi wao ni wanawake na wengine ni wazee ambao hawana simu ya kujaza fomu ya mtandaoni. Mkishawaandika chukueni na udongo mkapime, na majibu yakitoka mrudi muwasomee. Kazi hiyo ifanyike kiangazi hiki kabla ya vuli, maana vuli ikianza watu wanahamisha matuta na hamtajua tena lipi lilikuwa la nani.

Ahsante Mhariri kwa nafasi.

Msomaji wako, muuza mboga,
Kigogo, Dar es Salaam.